Kopo Lililoshukia Bukene

Nililala mlangoni. Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu na magoti yanayolalamika kila nikiona ngazi, nilijinyoosha kwenye kizingiti cha nyumba ya watu pale Isevya, Tabora, nikajifunika kanga mpaka kidevuni, nikawaambia wanaume waliobeba jeneza kwamba hatoki mtu. "Huyu Mzaramo hajaniaga," nilisema. "Mkitaka kupita, mumwamshe kwanza aniage." Vijana waliokuja msibani kutoka Dar es Salaam walishtuka. Mmoja akatoa simu anirekodi, mwingine akamnong'oneza mwenzake kama bibi huyu ana akili timamu. Wazee wa mtaa walikuwa wanacheka huku wanafuta machozi, kwa sababu wao walijua. Mimi ni Mnyamwezi. Aliyekuwa ndani ya jeneza, Mama Mwamvua, alikuwa Mzaramo. Sisi ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zangu walipobeba mizigo kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, na babu zake wakawapokea kule pwani kwa maji na maneno ya kejeli. Mtani wako akifa, wewe ndiye unayepaswa kuwachekesha wafiwa, kuigiza mwendo wa marehemu, na kuzuia mlango mpaka upewe chochote mkononi. Wakanipa chochote. Nikaamka, nikajipangusa vumbi, na jeneza likapita. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, nikalia kwa sauti.

Jioni ile, wanawake tukiwa tumekaa kwenye mikeka, mjukuu wa marehemu aitwaye Rehema alinisogelea. "Shikamoo bibi Kabula. Samahani, ile ya mlangoni ulijifunza wapi?" Nikamjibu kwamba nilijifunza kwa bibi yake, ila bibi yake hakuzuia maiti ya mtu, alizuia sinema. Rehema alinitazama kwa huruma, akidhani msiba umeniingia kichwani. Kwa watoto hawa sinema ni kitu cha kwenye simu, huwezi kukizuia mlangoni. Nikamwambia nazungumzia ule ukumbi ulioko upande wa stesheni, alikofanyiwa sherehe ya kumaliza chuo. "Ule wenye sakafu ya mteremko?" akauliza. "Sisi tulijua fundi alikosea." Mama yake, Tatu, aliyekuwa ameegemea ukuta macho yamevimba, akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nusu ya mji wa Tabora inaamini kwamba fundi alikosea. Wanaimba kwaya mle Jumapili, wanapigia kura, wanafanya mahafali, wanaoana, na kila mtu akidondosha soda na kuiona inakwenda zake mbele anamlaumu fundi aliyekufa zamani. Hakukosea. Alijenga sinema, na sinema lazima iteremke ili aliyekaa nyuma amwone shujaa juu ya kichwa cha aliyekaa mbele. Nilimweleza Rehema hayo, na usiku wa msiba ni mrefu, nikajikuta nimemweleza mwaka mzima. Nimeona niuandike pia, maana ndio mwaka uliogeuza maisha yangu, na aliyeyageuza sasa amelala.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka kijijini Ipole, na nilikuwa nimechoka na tumbaku. Anayeijua kazi ya kuchambua majani ya tumbaku hahitaji maelezo, na asiyeijua nitamwambia tu kwamba gundi yake inashika vidole vikawa vyeusi, na ugali unaoula kwa vidole hivyo unakuwa mchungu hata kama umepikwa na mama yako mzazi. Nikaja mjini, nikapata kazi ya kufagia na kuchana tiketi katika Sinema Zuhura. Lilikuwa jengo zito la rangi ya maziwa, jina lake limeandikwa juu kwa herufi za saruji, na mlango wa mbele wa mbao mbili nzito ambazo zilihitaji kusukumwa kwa bega. Ndani kulikuwa na viti vya mbao vya kukunja, vimefungwa sakafuni kwa bolti, vyote vinatazama upande mmoja kama wanafunzi wanaomwogopa mwalimu. Kulinuka karanga, mafuta ya nazi ya nywele, na lile joto la mashine lililoshuka kutoka kwenye kijidirisha cha juu. Na ile sakafu. Kila kilichoanguka kiliteremka: chupa za soda, kandambili za watoto, vitumbua, siku moja hadi meno ya bandia ya mzee mmoja aliyecheka kupita kiasi. Nilipoanza kufagia, kazi ya kwanza ilikuwa kwenda mbele chini ya pazia kupokea mali za watu.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba ambacho zamani kiliwekwa mabango ya filamu. Mwenye sinema, Mzee Jivan, Mhindi aliyezaliwa na kukulia Tabora, alimpa Mama Mwamvua akae humo baada ya mumewe, aliyekuwa mtu wa reli, kufariki. Mama Mwamvua aliuza chai ya tangawizi, kashata na vitumbua pale mlangoni. Mimi sikuwa na pa kulala, akaniambia niingie, nilale na binti yake Tatu ambaye tulilingana naye umri. Kuta zilikuwa zimebandikwa mabango kwa sababu yalizuia baridi ya mwezi wa sita, na aliyeyabandika hakujali kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Nililala mwaka mzima huku masharubu ya jambazi mmoja yakinitazama kichwa chini. Chakula chetu kilikuwa vita. Mama Mwamvua alitaka kila kitu kiwe na nazi, na nazi Tabora ilikuwa bidhaa ya kusubiriwa treni. Mimi nililetewa michembe kutoka nyumbani, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nikaipika kwa karanga za kusaga. Aliitazama sufuria, akaniambia viazi hivyo vimekufa mara mbili na bado navisumbua. Alikula lakini, akakwangua hadi ukoko. Asubuhi nilimwamkia kama mama yangu, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba, mpagazi wangu. Mzigo wangu umeutua wapi?" Nikamwambia, "Nimeufikisha Bagamoyo, nikakuta Wazaramo wote wamelala na ngoma mikononi, hakuna wa kuupokea." Tatu alikuwa anafunika uso kwa shuka akicheka. Siku ambazo nilikumbuka nyumbani na kunyamaza, mama huyu alizidisha matusi yake ya utani mpaka nikajibu, na nikishajibu huzuni ilikuwa imekatika. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa ananifundisha kazi.

Filamu zetu zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, kwenye makopo makubwa ya bati, bapa na mazito. Zilionyeshwa Morogoro, Dodoma, zikafika kwetu, kisha nyingine zikaendelea Kigoma na nyingine zikapandishwa Mwanza. Nikifikiri leo, ni njia ile ile ya misafara, tofauti ni kwamba mizigo sasa ilikuwa na watu wanaoimba ndani yake. Na kwa kuwa Tabora ndipo reli inapogawanyika, Tabora ndipo mizigo inapopotea. Kosa ninalokwenda kulisimulia lisingeweza kutokea Morogoro hata wangetaka.

Ilikuwa alasiri ya shoo ya akina mama. Mara moja kwa wiki Mzee Jivan alifungua ukumbi kwa wanawake peke yao, na walijaa: wake wa wafanyabiashara wa Gongoni na mabuibui yao, mama wa kwaya ya Moraviani, wauza nyanya wa sokoni, wote na watoto mapajani. Filamu ilikuwa ya Kihindi na tulikuwa tumefika pabaya. Msichana amesingiziwa wizi wa kito, amepelekwa mahakamani, mama mkwe mtarajiwa amemgeuzia mgongo, na kijana anayempenda hajui lolote, yuko safarini. Taa zikawaka. Mwendesha mashine akatoa kichwa kijidirishani akatangaza kwamba kopo la nne halimo. Alilolidhani la nne lilikuwa la filamu nyingine. Mzee Jivan akakimbilia stesheni, akarudi anatokwa jasho. Kopo lilikuwa limepandishwa treni ya Mwanza kimakosa, likashushwa Bukene pamoja na magunia ya chumvi, na halitarudi kabla ya kesho. Akina mama wakaanza kupiga viti. Kurudisha tiketi ilikuwa aibu na hasara, na Mzee Jivan alisimama pale mbele akipangusa miwani yake, nikamwonea huruma kweli kweli.

Mama Mwamvua akaacha birika lake mlangoni, akaja, akanishika mkono juu ya kiwiko. "Nyie mnalia nini?" akawaambia wanawake wote. "Si mzigo tu umebaki njiani? Mnyamwezi huyu hapa. Ataubeba!" Akanisukuma. Sakafu ile ikamalizia kazi, maana ukisukumwa mle huwezi kusimama katikati, nikafika mbele ya pazia karibu nikimbie. Sikuwa nimeiona filamu ile. Nilimwuliza mwendesha mashine kwa sauti kopo la tano linaanzaje, akachungulia mwanzo wa mkanda, akanijibu kutoka juu kwamba linaanza kwa sherehe ya uchumba, mama mkwe anacheka, na kijana ana mkono umefungwa kitambaa shingoni. Basi. Tulipotoka nilipajua, tulipotakiwa kufika nilipajua, njia ya katikati ilikuwa juu yangu. Nikaona nyuso mia zinanitazama, na mbele kabisa mtoto mmoja amekula kashata nusu na kusahau nusu. Nikasema, "Kijana yule, kumbe, alikuwa amepanda treni ya Mwanza kimakosa." Wakacheka. Nikasema akashushwa Bukene usingizini, kati ya magunia ya chumvi. Wakacheka zaidi. Na pale Bukene, nikaendelea, ndani ya gunia moja akasikia kitu kinagonga, akalipasua, akakuta kito kile kile, kwa sababu mwizi wa kweli alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Akapigana nao stesheni nzima, mkono ukavunjika, akatembea kwa miguu kurudi, na mama mkwe alipomwona anaingia mahakamani na kito mkono mmoja na mkono mwingine unaning'inia, alianguka miguuni pa yule binti akamwomba radhi. Niliigiza mama mkwe. Niliigiza hakimu. Mwendo wa hakimu niliuchukua kwa Mzee Jivan, naye aliujua, akacheka. Taa zikazimwa, kopo la tano likaanza, na kilipotokea kile kitambaa cha mkono wa kijana, ukumbi mzima ulipiga vigelegele kana kwamba tulikuwepo Bukene tukiuona ukivunjika.

Siku mbili baadaye kopo lilirudi na filamu ikaonyeshwa nzima. Wanawake wengi walikuja tena. Walitoka wamenuna. "Mbona Bukene haimo?" waliniuliza mlangoni, kama vile mimi nimeikata. Mke wa Mzee Jivan, ambaye kati ya wanawake wote pale ndiye pekee aliyekielewa Kihindi, aliniita ofisini, akanipa kikombe cha chai yenye maziwa mengi, akaniambia, "Walioitengeneza wamesahau Bukene. Wewe endelea." Nikaendelea. Kila shoo ya akina mama nilisimama kati ya kopo na kopo, nikaeleza yaliyopita na kutabiri yajayo, na nikikosea katika utabiri walifurahi kuliko nilipopatia. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile. Ipole nilikuwa binti mwenye mdomo mrefu, na nilichapwa kwa ajili yake. Hapa watu walilipa kiingilio kuusikia.

Lakini mikanda ya video ilikuwa imeshaingia mjini. Vibanda viliota kila mtaa, televisheni moja, mabenchi manne, pazia la gunia mlangoni, na wanaume wakahamia huko kwa sababu huko wangeweza kuvuta sigara na kuona mapigano mawili kwa mpigo. Shoo za jioni zikabaki na watu wachache waliotawanyika kama mahindi ya mwaka wa ukame. Ukuta kati ya chumba chetu na ofisi ulikuwa wa mbao, na mchana mmoja, mimi na Tatu tukiwa tunachambua mchele, tulisikia yote. Mzee Jivan alikuwa anauza. Wanawe walimtaka Dar es Salaam na amechoka. Mnunuzi alikuwa Bwana Masanja, mfanyabiashara wa tumbaku, Mnyamwezi wa Bukene kwa baba na kwa mama, mtu mkubwa wa sauti ya pole. "Viti vitoke," tulimsikia akisema, "sakafu tuijaze zege iwe sawa, marobota yakae vizuri. Hapa si pabaya, panafaa ghala." Tatu aliacha mchele. Alikuwa amechumbiwa na fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, harusi ilikuwa imepangwa baada ya Ramadhani, na Mzee Jivan alikuwa ameahidi kwamba sherehe itakuwa mle ukumbini, maana pengine pa kuwaweka wageni wa upande wa bwana hatukuwa napo. Mimi nilitazama vidole vyangu. Tumbaku ilikuwa imenifuata mjini, na ikiingia mle ndani mimi ningerudi Ipole kuichambua. Sikuwa na kazi nyingine duniani, na kazi niliyokuwa nayo haikuwa na jina. Nilimwambia Mama Mwamvua usiku ule kwamba nimeogopa. Hakunitania. Alisema tu, "Lala."

Mzee Jivan alihama na mkewe, na asubuhi moja wapagazi wa Masanja walikuja na spana na mikokoteni. "Mwangaluka," waliniamkia, vijana wa kwetu kabisa, nami nikawajibu. Walikuwa wamefungua mstari wa mbele tayari na kuubeba kuelekea mlangoni walipokuta njia imezibwa. Mama Mwamvua alikuwa ametandika mkeka kizingitini, amelala chali, amejifunika shuka jeupe, na pamba puani. Vijana walisimama na viti mabegani. "Mama, tupishe." "Niwapishe mwende wapi na maiti ya watu?" alijibu bila kufungua macho. "Sinema hii imezaliwa Tabora, imekulia Tabora, imefia Tabora. Ni Mnyamwezi huyu. Mimi Mzaramo ndiye mtani wake. Mnazika bila mtani, enyi wapagazi? Nani kawafundisha?" Kijana wa mbele akacheka, na akicheka aliyebeba, mzigo lazima ushuke. Wakatua viti. Watu wa stesheni wakaanza kukusanyika, mwenye duka la jirani akaleta kigoda akae vizuri, na mama mmoja wa soko akaanza kulia kilio cha msiba, cha mzaha kwanza, kisha nikamwona analia kweli.

Bwana Masanja aliitwa. Alikuja amekunja uso, na mtu mmoja kwenye umati akamshauri aite askari. Umati ulimcheka huyo mshauri mpaka akaondoka. Hebu fikiri, Mnyamwezi mzima amwitie askari mtani wake, tena kwenye msiba. Angekunywa wapi pombe tena? Bukene wangempokea kwa nyimbo za kejeli. Masanja alijua hilo vizuri kuliko sisi, nikaona uso unakunjuka kidogo kidogo kama mtu anayelazimishwa kukumbuka kitu kizuri. Akaingiza mkono mfukoni kama desturi inavyotaka, akamwekea noti kifuani. Mama Mwamvua akaipuliza ikaanguka. "Hiyo kampe mkeo akanunulie chumvi. Mimi nataka nimuoze binti yangu humu ndani. Nikishamuoza, uzike." "Harusi ndani ya jeneza?" Masanja akauliza. "Ndivyo tunavyozika kwetu. Nyie mmezoea kuzikwa njiani na mizigo kichwani, mtajuaje?" Masanja alicheka mpaka akashika mlango. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wale vijana, ndani, na nilikuwa naomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. "Haya," akasema hatimaye. "Oza. Ukimaliza kuoza, mafundi wa zege wanaingia." Akawaambia vijana warudishe viti. Mama Mwamvua akatoa pamba puani, akaomba ainuliwe, maana mgongo ulikuwa umemkauka.

Kwa hiyo tulipata harusi moja. Hicho ndicho tulichoshinda, na mimi nilijua kwamba baada yake ni zege. Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini, na alasiri akina mama wakajaa ukumbini, wale wale wa shoo, wakavaa walichonacho. Tatu alikaa jukwaani mbele ya pazia jeupe, amepakwa hina mpaka viwiko, na mwendesha mashine alikuwa amekubali kuwasha taa ya mashine yake bila filamu, ikamwangazia yeye tu. Hakuna bibi harusi wa Tabora aliyewahi kuwaka vile. Wakati wa kutunza ulipofika ndipo tukagundua maajabu ya sakafu. Kwenye harusi nyingine unabembeleza watu wainuke na zawadi zao. Mle ndani ukishasimama kwenye njia, ukicheza kidogo tu, unakwenda. Bibi mmoja wa Gongoni alianza na sufuria yake kichwani kwa maringo, pole pole, akafika mbele mbio, akaisalimisha sufuria kabla hajatayarisha maneno. Watu walicheka hadi viti vikalia. Bwana Masanja alikuwa amekuja na fundi wake wa zege, wamesimama nyuma kabisa karibu na mlango, fundi anatazama sakafu, Masanja anatazama wale wanawake wanavyoteremka.

Mama Mwamvua alinikabidhi kipaza sauti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumsifu bibi harusi, nikamsifu, nikamsifu na bwana aliyekuwa hayupo. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilimwona fundi anapiga goti na kugonga sakafu kwa kidole. Nikasema, "Jamani, kuna kipande hakijafika." Wanawake walidhani nataka kuwachekesha, na mimi pia nilidhani hivyo. Nikawaambia kipande hicho kiko njiani kinakuja, na mimi nimekwisha kukiona. Nikamwona Tatu amekaa si pale jukwaani, bali kule mstari wa pili, amenenepa, ana kanga ya mama wa bibi harusi, na jukwaani yuko binti yake. Nikamgeukia muuza nyanya, nikamwambia nakuona na wewe, Mama Sikujua, umeteremka hapo na beseni, unaoza wa kwanza, bado wanne. Nikawaita kwa majina, nilikuwa nawajua wote, nimewachania tiketi mwaka mzima. Mama mmoja wa kwaya hakusubiri afikiwe. Alisimama akapaza sauti, "Wa kwangu baada ya Pasaka! Na kwaya nzima tunakuja!" Mwingine akadakia, "Wa kwangu mfungo sita, usinipite!" Wakaanza kusimama huku na huku, kila mmoja na binti yake, wengine wana mabinti ambao bado wananyonya, na waliosimama njiani wakaanza kuteremka bila kutaka, wakaja mbele wote, wananizunguka, wananipigia kelele za miezi na majina, na mimi sikusikia tena sauti yangu. Nilikuwa nalia kwenye kipaza sauti na ukumbi mzima ulinisikia. Wala sikuona haya.

Watu walipotoka, jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya stesheni. Mimi na Mama Mwamvua tulikuwa tumekaa mstari wa mbele, viatu tumevua. Bwana Masanja aliteremka kutoka nyuma, hatua zake kubwa zikiharakishwa na sakafu, akasimama mbele yetu na kofia mkononi. Alitutazama, akatazama lile pazia, akatazama njia aliyoijia.

"Nitawaambia mafundi wasije kwanza," alisema.

"Mpaka lini?" Mama Mwamvua akamwuliza, bila kumtania.

"Mpaka mabinti wa mji huu waishe kuolewa." Kisha akaninyooshea kofia. "Na wewe mwenye mdomo, usiende kokote."

Masanja alishatangulia mbele ya haki, na wanawe ndio wanaokodisha ukumbi leo. Mimi nimeshika kipaza sauti mle ndani mpaka nywele zikaota mvi. Mabinti hawajaisha.